Nyama ya Kupalia ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa miaka kumi na moja bila kukanyaga nyumbani kwangu, na alipokuja hatimaye, kilichomleta ni jicho.

Mimi ni mzaliwa wa Maposeni, Mngoni, Mkatoliki tangu kubatizwa, na ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea. Mume wangu ni bwana shamba, Myao wa Nalasi, Mwislamu. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Siku ile ndugu zake wachache walifika. Mama yake hakufika. Alituma kanga mbili na salamu, na baada ya hapo salamu ziliendelea kuja kwa simu, kupitia kwa mwanawe, siku zote fupi. Nilimwona mara tatu tu katika miaka hiyo yote, na mara zote ilikuwa msibani huko kwao. Ninampigia magoti nusu, namwambia shikamoo mama, anaitikia marahaba, kisha kila mmoja anarudi kwenye kundi lake.

Sikuwahi kugombana naye, na hilo ndilo lililonitesa. Mtu uliyegombana naye unajua umemkosea wapi.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linaelekea huko huko. Mume wangu alifuatilia, akaambiwa madaktari wa macho wangekuwepo mjini kwetu kwa wiki mbili, na kwamba baada ya upasuaji mgonjwa atatakiwa kurudi mara kwa mara kuangaliwa. Kwenda Nalasi na kurudi kwa mama wa umri ule kusingewezekana. Ilibidi akae kwetu mwezi mzima.

Nilipaka chokaa chumba cha wageni, nikashona pazia, nikanunua mkeka mpya wa kuswalia na birika la kutawadhia. Ilikuwa Juni, Songea baridi imekolea, ukungu unakaa juu ya mabati mpaka saa tatu. Nikaongeza na blanketi.

Alishuka kwenye basi akiwa amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu, akakataa kukitoa hata kwa mwanawe. Tulipofika nyumbani akakifungua mwenyewe kwenye baraza ya nyuma. Kilikuwa chungu cha udongo, kipana, cheusi kwa miaka ya moto. Kifuniko chake alikuwa amekiweka kwenye begi ndani ya buti la basi, na alipoingiza mkono begini alitoa vipande. Alivipanga chini kimoja kimoja, akajaribu kuviunganisha kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia, kisha akavikusanya na kuvisukuma pembeni. Ndani ya chungu mlikuwa na mfuko wa korosho na kopo la majani ya chai lililojaa viungo, kila kiungo kimefungwa kwenye kitambaa chake.

Siku mbili za kwanza, kabla ya upasuaji, alijipikia. Alikuja na unga wake wa mhogo na kisufuria chake kidogo. Alikaa nyuma ya nyumba akipapasa makaa kwa koleo, akasonga ugali wake na kuula kwa maharage aliyochemsha mwenyewe. Nilimkaribisha mezani mara ya kwanza, akasema ameshiba. Mara ya pili akasema hivyo hivyo. Sikumkaribisha mara ya tatu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake bandeji ilifunguliwa, na nesi akatupa maagizo: matone kila baada ya saa chache, asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae kwenye moshi wala karibu na moto kwa mwezi mzima. Mama mkwe alisikiliza huku jicho jipya likizunguka chumba kizima. Kisha likatua kwangu.

Akaniambia, "Kumbe una kidoti shavuni."

Nilisema ndiyo mama, ninacho. Ndilo lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kuniambia ambalo halikuwa jibu la salamu.

Lakini sasa hakuweza kupika. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo mwanzoni sikulitambua. Nikimpelekea chai na mkate, anakunywa chai ya rangi, mkate unabaki. Nikimpelekea wali, anasema kinywa kichungu. Alichokula ni ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha, na mahindi niliyoyachemsha na majani yake. Siku ya tatu nilipokuwa nakusanya takataka kwenye kiti chake nikasimama na sahani mkononi. Maganda ya ndizi, maganda ya mayai, maganda ya machungwa. Kila alichokula kilikuwa na ganda lake, na alilimenya mwenyewe.

Nilimweleza mume wangu. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuwa akijua siku nyingi. Jioni ile alikuja na chakula cha mgahawani, wali na kuku, kwenye hotipoti, kutoka kwa mama mmoja anayepika karibu na msikiti. Mama yake akala wote. Kuanzia hapo ikawa hivyo mchana na jioni: mume wangu anapita na hotipoti mbele ya mlango wa jiko langu, anakwenda baraza ya nyuma. Alikuwa anatembea haraka anapopita. Mimi ndani nageuza ugali wa watoto, najifanya sioni. Sikumlaumu, maana mgonjwa lazima ale. Lakini nimepikia watu tangu nina miaka tisa, nimepikia harusi na misiba, nimepikia walimu wenzangu wa kila dini, na hakuna aliyewahi kuniacha nijione mchafu namna ile.

Baada ya kama siku kumi, mama mkwe aliniita. Nilikuwa nimetoka shule, bado nina chaki kwenye mikono. Alikuwa amekaa mkekani, kopo la viungo mapajani, amefungua vile vitambaa vyote. Aliniambia kwamba kwao mtu akipona ugonjwa mkubwa hupikiwa nyama ya kupalia. Mama yake aliipika, na bibi yake, na bibi wa bibi yake, ambaye mume wake alikuwa wa kundi la watu waliotembea kwa miguu mpaka pwani na kurudi na chumvi, nguo na viungo. Ndiyo maana Wayao wa bara kama wao wana chakula chenye mdalasini na karafuu. Alikuwa amebeba chungu ili aipike yeye siku ambayo jicho litaona. Sasa limeona, na wamemkataza moto.

Nikamuuliza kama angependa niwapigie simu wifi zangu, pengine mmoja angeweza kuja. Akasema mmoja yuko Masasi na mwingine Dar es Salaam, na wote wawili wananunua viungo vya pakiti.

Akasema, "Utakuwa mikono yangu. Mimi nitakuwa mdomo."

Nilijibu sawa mama, nikaingia ndani, nikafunga mlango wa chumbani na kukaa kitandani. Sikujua kama ninafurahi au ninaogopa, nadhani yote mawili yalikuwa yamechanganyika.

Jumamosi asubuhi nilikwenda bucha ninaponunua siku zote, kwa mzee wa Kiislamu ambaye mama mkwe aliambiwa habari zake zote, hadi jina la baba yake, kabla ya kuridhika. Nilileta paja na kidari cha mbuzi. Aliagiza vipande viwe vikubwa, mfupa ubaki ndani. Nilisaga tangawizi na kitunguu saumu, nikakamua ndimu. Kisha viungo: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini, na kipande cha kungumanga alichokikata kwa meno yake. Nilivikaanga vikavu juu ya moto mdogo yeye akiwa mbali, upande ambao moshi hauendi, akiniongoza kwa pua. "Bado," alisema. "Bado. Sasa toa." Nilivitwanga, na mwisho nikatwanga korosho mpaka zikatoa mafuta. Nyama ililala na viungo vyake mpaka Jumapili.

Nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi mbio. Nyama ikaingia kwenye chungu bila tone la maji. Juu yake nikatandaza majani ya mgomba niliyoyapitisha kwenye moto ili yalainike. Ukingo nikauziba kwa unga wa mhogo uliokandwa. Kilichobaki ni kifuniko, na siri ya chakula hiki chote iko kwenye kifuniko, kwa sababu kupalia maana yake ni hiyo: unaweka makaa chini kidogo, na juu ya kifuniko unaweka makaa mengi, nyama inaiva kwa moto unaoshuka. Kifuniko cha sufuria cha alumini kingepinda. Nikakumbuka sinia zito la chuma lililokuwa stoo. Nililichukua kwa mama yangu Maposeni siku nilipohama kwenda kuanza maisha, na nililitumia kukaangia karanga tu. Nikaliosha vizuri kwa sabuni, likakaa juu ya chungu kama limepimwa. Mama mkwe aliligonga kwa kidole, akasema chuma hiki ni kizuri, cha zamani. Nikapalia makaa.

Tulikaa. Ilikuwa kama saa nne, jua limeanza kutoboa ukungu. Baada ya nusu saa hivi harufu ilianza kutoka kwa chati, kwanza iliki, kisha tangawizi. Mama mkwe alifumba macho yote mawili. Na mimi nikavuta pumzi ndefu ya raha, na katikati ya pumzi ile nikakumbuka.

Nilikumbuka Krismasi za utoto. Baba alikuwa anachinja nguruwe mmoja kila mwaka, mama anayeyusha mafuta nyuma ya nyumba, na sisi watoto tunagombea yale makapi makavu yaliyobaki. Nilimwona mama ameinama. Nilichokuwa sikioni sawasawa ni chombo alichoinamia. Nikajiambia ni sufuria. Nikajiambia tena ni kikaango kingine. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta simu.

Nilikwenda upande wa mbele wa nyumba nikampigia simu mama yangu. Baada ya salamu nikamuuliza lile sinia la chuma nililolichukua, wao walikuwa wakilitumia kwa kazi gani. Akacheka. Akasema hivi mimi nimesahau, si ndilo la mafuta ya nguruwe. Akauliza kwa nini nauliza. Nilipomweleza, kicheko kikaisha.

Halafu akasema, "Mwambie, mwanangu. Mtu hafichwi anachokula."

Mume wangu alikuwa sebuleni na watoto. Nilimvuta pembeni nikamwambia. Alisugua paji la uso, kisha akaanza kunihesabia: sinia nimeliosha kwa sabuni, nimelitumia miaka kwa karanga, kati yake na nyama kuna majani ya mgomba, na juu yake kuna moto, na moto unasafisha kila kitu. Akasema mama yake ndiyo kwanza ameanza kulainika, na nikimwambia jambo hili leo atapanda basi la kesho asubuhi, na jicho litaharibika. Alisema haya yote kwa upole, na kila alichosema kilikuwa na maana.

Akamalizia, "Nyamaza tu, mke wangu. Mungu anaona nia."

Nilirudi kwenye baraza ya nyuma nimeamua kunyamaza. Nasema kweli. Nilikaa kwenye kigoda, nikachukua koleo, nikaongeza makaa mawili juu ya sinia. Mama mkwe alikuwa anasimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akiwapiga watoto waliofungua chungu kabla ya wakati. Alikuwa na uso mwepesi, sikuwa nimeuona hivyo. Kisha akasema nimsogezee sahani ile pana, leo tutakula pamoja, mimi na yeye, kwa sababu aliyepika ndiye huanza.

Kama asingesema hivyo, pengine ningenyamaza hadi leo. Lakini niliona mkono wake na wangu ndani ya sahani moja, yeye akimega bila kumenya ganda lolote, na nikajua kwamba akifanya hivyo bila kujua, sitaweza tena kumtazama usoni maisha yangu yote.

Nikaweka koleo chini, nikapiga magoti mawili.

"Mama, nisamehe. Sinia hili, zamani kwetu, lilipikiwa nguruwe. Sikukumbuka. Nimekumbuka sasa hivi, nikampigia mama yangu, amesema ni kweli."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, nilimwona kwa pembe ya jicho akishika fremu. Watoto ndani walikuwa wanacheka jambo lao. Mama mkwe alitazama chungu kwa muda, kisha akanitazama mimi, na kwa sababu jicho moja lilikuwa zuri na moja bado lina wingu, sikujua nitazame lipi.

Akauliza, "Nani mwingine alijua?"

Nikamwambia mwanawe anajua, nimemwambia dakika chache zilizopita. Sikusema alinishauri nini. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akamtazama mwanawe, na nadhani alielewa bila kuambiwa, maana mume wangu aliangalia chini kama kijana wa darasa la nne.

Kisha akaniambia niinuke, magoti yatapata baridi. Akasema makaa yaondolewe.

Niliyaondoa. Nilikuwa nalia bila sauti, machozi yanaanguka kwenye majivu. Aliuliza ni nani jirani yetu Mkristo. Nikamtajia dada wa nyumba inayofuata, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Njombe, ana watoto watano. Akasema nyama isitupwe, ni riziki, apelekewe yeye, lakini aelezwe sababu, asije akadhani tunampa makombo. Mume wangu akaipeleka mwenyewe ikaendelee kuivia kwake. Aliporudi alisema jirani ameuliza kama kuna kosa jingine lolote tunalotarajia kufanya wiki hii, yeye yupo. Mama mkwe alicheka mpaka akakumbuka jicho, akajizuia kwa kulishika shavu.

Kicheko kile kilinifungua kidogo. Nikasema nitalitupa sinia, nitanunua kifuniko kipya sokoni kesho. Akakunja uso.

Akasema, "Usitupe kitu cha mama yako. Kinaoshwa."

Akanieleza linavyooshwa. Mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo safi. Chungu nacho, kwa sababu mvuke umepanda na kushuka. Mume wangu alikwenda kuchimba udongo chini ya mparachichi, mahali ambapo kuku hawafiki. Nikakaa kwenye bomba la nje na sinia na chungu, mama mkwe akavuta kigoda chake karibu, na akaanza kuhesabu. Maji ya Juni ni ya barafu. Kufikia mara ya tatu sikuwa nazisikia ncha za vidole.

Katikati ya kuhesabu ndipo alipozungumza. Aliniambia kwamba miaka ile ya mwanzo aliambiwa na mtu wa ukoo, hakumtaja, kwamba mke wa mwanawe anafuga nguruwe uani na kwamba mwanawe amekwisha kuanza kula. Akamuuliza mwanawe kwenye simu, mwanawe akakasirika akakata, na yeye akaichukua hasira ile kuwa ni jibu. Hakuuliza tena. Siku alipofika kwangu, kabla hata ya kukaa, alipapasa ukuta mpaka nyuma ya nyumba akasimama kwenye banda akisikiliza. Alisikia kuku tu. Hata hivyo hakuweza kuamini, kwa sababu macho hayaoni na masikio yanaweza kudanganywa. Alipofunguliwa bandeji alikwenda tena kuangalia. Kuku.

"Leo ungenyamaza nisingejua," alisema. "Umesema. Basi sasa najua kwamba yale mengine ambayo hujasema, hayapo. Hiyo ni ya tano. Ongeza maji."

Nikaongeza maji. Nilisugua mara ya sita na ya saba huku kitu kilichokuwa kimenibana kifuani tangu mwaka niliofunga ndoa kikilegea taratibu. Miaka kumi na moja nilidhani mama yule ananichukia kwa ajili ya msalaba nilioutundika ukutani. Kumbe alikuwa akimwogopea mwanawe, akaambiwa uongo na hakuwa na njia ya kuupima. Nami pia sikumuuliza lolote. Kila mmoja wetu alikaa kwake akimngoja mwenzake.

Tulipika tena Jumatano, kwa sababu nilikuwa na ruhusa ya nusu siku. Nyama nyingine, viungo vilivyobaki kwenye kopo, korosho nyingine kutoka kwenye ule mfuko. Mama mkwe alimtuma mwanawe akae karibu na moto, akasema huyu naye ajifunze, maana ndiye mwenye ukoo. Kwa hiyo tulikuwa watatu pale nyuma. Niliogopa zaidi ya mara ya kwanza. Sasa hapakuwa na kisingizio. Nyama ikiungua ni mimi niliyeiunguza. Muda wote nilikuwa naweka mkono juu ya sinia kupima joto, nikiondoa makaa, nikirudisha, mpaka akaniambia niache kuipima, nyama si mgonjwa.

Baada ya saa tatu aliamuru tufungue. Ule unga wa mhogo pembeni ulikuwa umekauka ukawa kama ganda la mkate, mume wangu akaubanjua kwa kisu. Nikanyanyua sinia na majivu yake, nikafunua majani. Mvuke ukapanda wote kwa pamoja. Juu nyama ilikuwa imepiga rangi ya kahawia, imekauka kidogo na kung'aa, na chini yake korosho na mafuta vimekuwa rojo zito. Mfupa ulichomoka ulipoguswa.

Alinawa, akasema bismillah, akamega kipande cha kidari, akakitia mdomoni. Alitafuna pole pole, akameza, akamega kingine, akachovya kwenye rojo. Alikula vipande vitatu kabla ya kuinua uso.

"Karafuu imezidi," alisema. "Na ndimu ungeongeza. Lakini ni yenyewe."

Kisha akasukuma sahani mpaka katikati, akanionyesha upande wangu.

Sijui kama kuna mkwe aliyewahi kukosolewa akafurahi kama mimi siku ile. Kwa siku zote zile alikuwa hajakosoa chakula changu hata mara moja, kwa sababu hakuwahi kukila. Nilinawa, nikakaa, nikala. Nilikula mpaka watoto wakarudi kutoka shule wakakuta mifupa imejaa sahani, wakaanza kulalamika, na bibi yao akawapa vipande alivyokuwa amevificha chini ya jani kwa ajili yao.

Kuanzia jioni ile hotipoti ilikaa juu ya kabati. Alikula nilichopika, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu: maharage yangu hayana chumvi, ugali wangu ni wa Kingoni, mgumu wa kujengea nyumba, chai yangu ina majani mengi. Watoto walianza kunicheka. Mimi nilikuwa nasema ndiyo mama, kesho nitarekebisha, na nikigeuka natabasamu peke yangu.

Mume wangu alikuja jikoni Alhamisi nilipokuwa naosha vyombo. Alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani, kazi ambayo si kawaida yake. Akafuta tatu au nne hivi. Kisha akasema siku ile mlangoni alikuwa ananiombea nisifungue mdomo, na kwamba nilipoufungua alihisi ardhi inamwacha. Akasema pia kwamba lile swali la mama yake kwenye simu, miaka ile, angelijibu kwa neno moja tu, hapana, mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Alikasirika kwa kuwa aliona aibu kuulizwa.

Nilimwambia basi, yamekwisha. Akasema ndiyo, yamekwisha, akaendelea kufuta sahani.

Nje tulimsikia mama yake akiwafundisha watoto kupasua korosho bila kuivunja mbegu, akiwaambia washike hivi, si hivyo, mikono yao ni kama ya mama yao, ina haraka.